Kamba ya Nyumbani

"Ikate," alisema Katibu Stefano.

Alute alikuwa ameshashika kisu, kwa sababu alishaona mambo yanakoelekea. Watu kama ishirini walisimama nyuma ya nyumba yake, majembe begani, wakiitazama kamba moja ya katani. Kamba ilitoka kwenye nguzo ya mwisho ya shamba la ujamaa, ikavuka njia ya ng'ombe, ikapita juu ya uzio wa minyaa, ikaja kuishia kwenye dirisha la jiko la mkewe.

"Lakini kabla hujakata," Stefano aliendelea, maana huyu bwana hakuweza kufanya jambo dogo bila hotuba, "waeleze ndugu zako hapa. Kamba hii ni ya nani?"

"Ya kijiji."

"Na nyumba hii?"

"Ya kwangu."

"Sasa kamba ya kijiji inatafuta nini kwenye nyumba ya mtu?"

Wengine walicheka. Alute akaangalia chini. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya, na ilimuuma kuchekwa mbele ya watu waliokuwa wakimwita fundi. Cecilia, mkewe, alitoka jikoni akiwa bado na mwiko mkononi.

"Ndugu Stefano, mwanangu Esta yuko humo ndani na tumbo la miezi minane. Baba yake anashinda juu ya dungu toka alfajiri mpaka jua linazama. Nikipatwa na jambo nimwite na nini? Nipige mluzi?"

"Mama Esta, kila nyumba hapa ina shida yake. Tukivuta kamba kila nyumba, shamba litalindwa na nini? Leo kamba, kesho mtu atataka trekta la kijiji limbebee kuni. Ubepari huanza hivyo hivyo, kidogo kidogo, kama mchwa."

Tuseme haki: Stefano hakuwa mtu mbaya. Kijiji cha Juhudi, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Ikungi, kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu watu wahamishwe na kupangwa humo kwenye mistari. Mwaka uliopita mvua ilikataa, watu wakala mizizi. Mwaka huu uwele wa ujamaa ulikuwa umesimama vizuri, na ndio uliokuwa chakula cha kaya zote. Upande wa bondeni ulipungukiwa kamba pima sabini, na ndege walikuwa wanaingilia huko. Stefano alishaandika barua mbili wilayani kuomba kamba. Alijibiwa asubiri.

"Ndugu Katibu anasema kweli," Alute alisema. Akaikata kamba yeye mwenyewe, pale kwenye uzio, akaanza kuikunja kiwikoni. Kipande kilichokuwa kimefungwa dirishani, kama pima sita, hakukifikia, kwa sababu Cecilia alikivuta ndani na kufunga dirisha kwa kishindo.

---

Kwa asiyewahi kuona kazi ile, ilikuwa hivi. Shamba lilikuwa na madungu sita, yaani majukwaa ya miti yaliyoinuka juu ya kimo cha uwele, mlinzi akikaa huko aone shamba lote. Kutoka kila dungu zilitoka kamba kwenda pande zote, zimeegemea nguzo, na kwenye kamba yalining'inia makopo matupu, kila kopo na kokoto lake ndani. Mlinzi akivuta kamba, makopo yanapiga kelele eka nzima na ndege wanaruka. Ndege wenyewe ni kweleakwelea, wadogo kama kidole gumba, lakini wakishuka kwa wingi wao wanamaliza shamba kabla mtu hajamaliza kunywa uji.

Kutengeneza vitu hivyo na kuviangalia visiharibike ilikuwa kazi ya Alute. Umande wa asubuhi hukaza katani mpaka nguzo zinainama, na jua la saa sita huilegeza mpaka makopo yanagusa chini. Mchwa wanakula nguzo. Nyigu wanajenga ndani ya kopo, na kopo lenye nyigu halilii. Kila alfajiri Alute alizunguka shamba lote akivuta, akikaza, akitoa nyigu kwa kijiti, na kusikiliza. Akipita mjini Singida aliingia dukani kwa Pradeep, na Vasanti, mke wa mwenye duka, alimtolea gunia la makopo aliyomwekea, ameyaosha kabisa yasiingie sisimizi. "Chukua, fundi," alikuwa akimwambia, "lakini ukivuna niletee uwele nionje."

Amri ya madungu aliitunga Alute mwenyewe, na watu waliishika kama sala: ukisikia, vuta. Dungu moja likilia, yote yajibu papo hapo, ili ndege wakifukuzwa huku wasishukie kule. Alijivunia amri hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kufanya duniani.

Jioni ya siku ile kamba ilipokatwa, Esta alikaa kwenye mkeka mlangoni, miguu imemvimba, akimtazama baba yake akisokota ncha zilizofumuka. Alikuwa ameolewa Shelui na kijana anayepakia malori, akaja kwao kuzaa, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza.

"Baba, wewe hayo makopo unayajua kwa majina."

"Nayajua kwa sauti."

"Muongo."

"Nenda kagonge lolote, mimi nikiwa nimefumba macho. Nguzo ya mwisho hapo nyuma ina makopo mawili ya rangi. Sauti yake nzito, kama mzee anakohoa. Hakuna nguzo nyingine inayolia hivyo."

Esta alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaacha kucheka. "Sasa nikishikwa na uchungu, mama atakuitaje?"

Cecilia, aliyekuwa akipepeta, aliacha kupepeta ili asikie jibu.

"Nguzo ile ni hatua mia mbili kutoka hapa," alisema Alute. "Mama yako atakwenda avute kama tulivyokubaliana. Tatu, kimya, tatu. Mimi nitashuka."

"Na usiposikia?"

"Mwanangu, mimi nasikia kopo moja lililoingiwa na nyigu katikati ya makopo mia. Nitashindwa kumsikia mama yako?"

"Haya," alisema Esta. "Nimejikabidhi kwako."

Cecilia aliendelea kupepeta. Hakuongea na mumewe tena jioni ile, lakini alimwekea kipande kikubwa cha ugali, naye Alute akajua kuwa amesamehewa kidogo.

---

Siku za Esta zilikuwa bado, kwa hesabu ya mama yake na ya Rahabu mkunga pia. Ndiyo maana asubuhi moja ya Mei, ndege walipoanza kupita kwa mawingu, na Stefano alipopita nyumba hata nyumba akisema kila mwenye mikono aende shambani, Rahabu naye alikwenda. Alipewa dungu la nne. Cecilia peke yake aliachwa, na hata hilo Stefano alilisema kwa sauti ili watu wajue kuwa ni hisani.

Bwana shamba kutoka wilayani alikuwa amekuja na baiskeli yake na daftari. Aliletwa kuona. Alisimama chini ya dungu la kwanza, dungu la Alute, pamoja na Stefano, na kila ndege walipoinuka aliandika kitu.

Kule nyumbani uchungu ulianza jua likiwa bado halijapanda. Ulikuja kwa kasi. Cecilia hakupata hata nafasi ya kuogopa. Kufika saa nne mtoto alikuwa mikononi mwake, msichana, mzima, analia kwa hasira. "Huyu ana sauti ya babu yake akikosa ugoro," alisema Cecilia, na Esta akacheka, amelowa jasho. Cecilia alimfunga mtoto kwa kanga, akamweka kifuani kwa Esta.

Kisha akaona damu. Alingoja ipungue. Haikupungua. Alikanda tumbo kama alivyoona wakunga wakifanya, akaweka nguo, akabadilisha nguo, na ile ya pili ikalowa upesi kuliko ya kwanza.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nakwenda kumwita baba yako. Usijigeuze."

Alikimbia bila viatu. Minyaa haina miiba, lakini kijiti cha uzio kilimchana paja naye hakujua. Alifika kwenye nguzo ya mwisho, akashika kamba kwa mikono miwili, akavuta mara tatu. Akanyamaza. Akavuta tatu tena.

Na shamba likajibu! Dungu la sita, la tano, la nne, yote, makopo yalilia kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Cecilia alisimama pale akisikiliza, machozi yakimtoka kwa furaha. Wamesikia. Wote wamesikia. Alirudi akikimbia.

"Wanakuja, mwanangu. Umesikia? Shamba zima limejibu!"

"Nimesikia," alisema Esta. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa myeupe. "Si baba alisema atasikia."

Cecilia alivunja kitanda cha kamba cha mumewe, akatoa miti miwili ya machela, ili wanaume wakifika wasichelewe. Alipasua blanketi akafunga ncha. Akachungulia njiani. Njia ilikuwa tupu. Akachemsha maji. Akachungulia tena. Kuku wa jirani alikuwa amelala katikati ya njia, hakuna aliyekuja kumwamsha.

Alikimbia mara ya pili. Tatu, kimya, tatu. Na tena shamba likajibu kwa nguvu ile ile, lakini safari hii alisubiri, na ndani ya kelele ya makopo akasikia sauti za watu wakipiga kelele hoo, hoo, za kufukuza ndege. Hapo ndipo alipoelewa. Hawakuwa wakimjibu yeye. Walikuwa wakifanya walichofundishwa na mumewe.

Alitaka kuendelea mbele, aingie shambani, akimbie mpaka dungu la kwanza. Ulikuwa mwendo mrefu, na nyuma yake mtoto alikuwa analia peke yake. Mtoto alilia peke yake kwa sababu mama yake hakuwa tena na nguvu za kumbembeleza. Cecilia akarudi nyumbani.

---

Sasa niseme kilichotokea juu ya dungu la kwanza, maana kimefichwa siku nyingi.

Alute alisikia. Alisikia sauti nzito ya makopo ya rangi, kama mzee anakohoa, mara tatu. Mkono wake ulisimama juu ya kamba. Akasikia tatu za pili, na palepale madungu yote yakajibu. Aliangalia upande wa nyumbani. Kisha akaangalia chini, akamwona bwana shamba ameinua uso, kalamu mkononi, anamngoja.

"Vipi, mzee? Mbona huvuti?" bwana shamba aliuliza.

"Anavuta, anavuta," Stefano alijibu haraka kwa niaba yake. "Huyu ndiye fundi mwenyewe."

Mbinguni palikuwa na wingu la ndege linageuka. Alute alijiambia: labda ni wale wanawake wanaolinda bondeni, wameshika kamba vibaya. Alijiambia: siku zake bado. Alijiambia: wingu hili likipita, nashuka. Aliona aibu, na huo ndio ukweli wenyewe. Aliona aibu kushuka ngazi mbele ya mgeni, kwa sababu ya nyumba yake, wakati wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu achekwe kwa sababu ya nyumba yake hiyo hiyo. Akavuta kamba.

Aliposikia mara ya pili, aliangalia tena upande wa nyumbani, lakini aliendelea kuvuta. Wingu la ndege lilipita, likaja jingine.

Wanawake waliokwenda kuchota maji ya kunywa saa saba ndio waliopita pale na kusikia kilio cha Cecilia. Rahabu aliletwa mbio kutoka shambani, na Alute nyuma yake. Alifanya alichojua, akatoka nje akasema kwa sauti ndogo, "Hospitali. Sasa hivi." Wanaume wanne walishika machela, Alute upande wa mbele. Walikimbia njia ya Ikungi bila kupumzika, wakibadilishana mabega, Rahabu nyuma akimshika Esta mkono.

Walipofika kwenye korongo la mchanga, Esta aliita, "Baba."

"Nipo, mwanangu."

"Ulisikia?"

"Tunakaribia," alisema Alute. "Tunakaribia sana."

Walipopanda ng'ambo ya korongo, Rahabu aliwaambia wapunguze mwendo. Baadaye kidogo aliwaambia waweke chini.

---

Waliomboleza siku nne tu, kwa sababu uwele ulikuwa unaiva. Yohana, mume wa marehemu, alikuja kutoka Shelui na lori la chumvi. Alikaa ukutani siku tatu akimtazama mtoto kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa, kisha akarudi kwenye kazi yake. Mtoto alibaki kwa Cecilia. Walimwita Leah. Kijiji kilitoa maziwa ya mbuzi, kila nyumba kwa zamu yake, na hilo lilifanywa bila hotuba.

Usiku wa matanga kuisha, wageni walipoondoka, Cecilia alimuuliza mumewe.

"Nilivuta, Baba Esta. Tatu, kimya, tatu. Nilivuta mara mbili. Hukusikia?"

Alute alikuwa na kikombe cha maji mkononi. Alikunywa kwanza.

"Makopo yote yalikuwa yanalia, Mama Esta. Sikusikia."

Cecilia aliinamisha kichwa. Alimwamini. Miaka ishirini na nane ya ndoa hakuwahi kumkamata na uongo, na angeanzia wapi siku ile? "Basi ni ile kamba," alisema. "Kamba ingekuwepo dirishani, ningevuta mpaka uje. Nisingetoka kwake hata kidogo. Aliyeikata ndiye aliyeniulia mwanangu."

Hakumaanisha Alute. Alimaanisha Stefano.

Na kijiji kizima kilielewa hivyo. Stefano alileta nusu gunia la unga, Cecilia akauacha mlangoni mpaka kuku wakautoboa. Stefano alisema shikamoo kwa mama mkubwa wa Cecilia, bibi kizee wa watu, bibi akageuza uso. Kisimani wanawake walimnyamazia mke wake. Siku moja alikuja akasimama nje ya uzio, kofia mkononi, akasema, "Mzee Alute, ile kamba. Nilikuwa nafikiria shamba. Mungu anajua nilikuwa nafikiria shamba tu." Akalia, mtu mzima, mbele ya watoto.

Alute alikuwa anatengeneza mpini. Angeweza kusema neno moja. "Yamekwisha, ndugu," alisema, akaendelea kuchonga.

Kazi yake hakuiacha. Kila alfajiri alizunguka nguzo zote, ila ile ya mwisho aliifikia akigeukia upande mwingine. Makopo mawili ya rangi yaliingiwa na nyigu. Aliwaacha.

---

Uwele wa Juhudi ulivunwa mwezi wa saba, na hakuna aliyewahi kuona mavuno kama yale upande ule. Mashamba ya vijiji jirani ndege waliyala nusu. Bwana shamba alikuwa ameandika vizuri katika daftari lake, na habari zikapanda mpaka mkoani, akaletwa mgeni kwa gari. Mgeni alikuwa mtu wa pwani, mnene, mcheshi, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Wanawake walipika, ngoma ikachezwa, Stefano akasoma risala. Aliisoma vibaya, akiruka mistari, kwa sababu Cecilia alikuwa amesimama mbele kabisa na Leah mgongoni, naye hakuwa akimtazama.

"Nataka nimwone fundi mwenyewe," mgeni alisema. "Mzee wangu, panda utuonyeshe."

Alute alipanda dungu la kwanza. Walinzi walikuwa wamepelekwa kwenye madungu yao. Alivuta kamba, na shamba tupu lililobaki mabua likalia lote, dungu kwa dungu. Watu aliokuja nao mgeni walishangilia. Mgeni alicheka kwa furaha ya kweli, akainua mkono kelele ziishe.

"Hii ni akili ya wananchi wenyewe! Hakuna mzungu hapa. Hebu niambie, mzee. Mtu akivuta kule mwisho, kule karibu na zile nyumba, wewe hapa utamsikia?"

Alute alishika mti wa dungu. Chini yake Stefano alikuwa ameinua uso, akimwomba kwa macho ajibu vizuri, kwa kuwa sifa hii ndiyo ilikuwa imebaki kuwa ya kijiji. Na nyuma ya Stefano alimwona mkewe. Cecilia pia alikuwa ameinua uso. Alikuwa anangoja, bila wasiwasi, jibu analolijua: kwamba huwezi kusikia, kwamba makopo ni mengi.

"Nasikia," alisema Alute.

"Hata yote yakilia kwa pamoja?"

Angeishia hapo. Angesema ndiyo, akashuka, na mkewe angedhani ni maneno ya kumfurahisha mgeni, wazee wengi husema hivyo. Lakini alikuwa amechoka, jamani. Miezi miwili alikuwa akila ugali wa mwanamke anayemwamini, na kila tonge lilimkwama.

"Hata yote yakilia," alisema. Kisha akaacha Kiswahili, akasema kwa Kinyaturu, polepole, akimwangalia mkewe. "Mama Esta, nilisikia. Ulivuta tatu, ukanyamaza, ukavuta tatu. Nilisikia mara ya kwanza na mara ya pili nilisikia. Niliona aibu kushuka mbele ya mgeni. Stefano hana kosa."

Mwenye ngoma aliondoa mikono juu ya ngozi.

"Amesema nini?" mgeni alimuuliza Stefano, bado anatabasamu.

Stefano alimtazama Alute.

"Amesema anasikia, Ndugu Mgeni," alijibu.

"Safi sana!" alisema mgeni, akapiga makofi. Aliowaleta walipiga makofi pia. Wanakijiji hawakupiga.

Cecilia alisogea mpaka chini ya dungu. Aliuliza kwa lugha yao, bila kupandisha sauti, "Mara mbili?"

"Mara mbili."

Aliinamisha kichwa kama mtu aliyepokea salamu. Akakaza kanga iliyomshika mtoto, akapita katikati ya watu, akashika njia ya nyumbani. Rahabu aliweka chini sinia la nyama, akamfuata.

---

Zawadi ya kijiji ilikuwa kwenye gari: rola mbili nzima za kamba mpya ya katani. Mgeni alimvisha Alute moja shingoni, akapigwa picha. Gari lilipoondoka, vumbi lilipotulia, watu walitawanyika wakikwepa kumtazama. Stefano peke yake alibaki. Alimsaidia kushusha rola ile kutoka shingoni.

"Miezi miwili silali, mzee," alisema. "Miezi miwili nikifumba macho naiona ile kamba."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nilijua, ndugu."

Stefano alitazama mikono yake. Alikuwa na haki ya kutukana, na nadhani alitafuta tusi, maana midomo ilimcheza. Hakulipata. "Chukua hiyo kamba," alisema mwishowe. "Vuta mpaka kwako. Vuta mpaka kila nyumba. Mimi nitajibu wilayani." Akaondoka.

Jua lilikuwa linashuka Alute alipofika nyumbani na rola begani. Mlango ulikuwa wazi. Jikoni moto ulikuwa umezimwa vizuri, kwa majivu. Ugali wake ulifunikwa kwa ungo, na maji ya kunawa yaliwekwa pembeni, kama kila siku. Lakini mkeka wa Cecilia haukuwepo, wala kibuyu cha maziwa ya mtoto. Juu ya kigoda chake Alute aliona kipande cha kamba, pima sita, kimekunjwa kwa uangalifu na kufungwa fundo. Cecilia alikuwa amekitunza muda wote ule.

Hakula. Aliweka rola mpya chini, akakaa kizingitini, kipande kile magotini. Watu walipita na kuni, na ng'ombe waliingia zizini. Kutoka nyumba ya Rahabu, ya nne kutoka pale, Leah alianza kulia. Alilia, akanyamaza kidogo, akalia tena, na sauti ya Cecilia ikasikika ikimbembeleza kwa wimbo ule aliomwimbia Esta alipokuwa mdogo. Alute alisikia kila neno.